Fosforasi: namba iliyo kwenye mfuko na ile inayofika kwenye mzizi

Mwaka 2020 tani moja ya DAP (mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosforasi iliyo katika umbo la fosfeti) kwenye soko la dunia ilikuwa ikiuzwa dola 300 na kidogo. Kufikia Aprili 2022, China ikiwa imebana mauzo yake ya nje tangu mwishoni mwa 2021 na vita ya Ukraine ikiwa imeanza, tani hiyohiyo ilipita dola 900. Bei ikashuka, kisha mwaka 2025 ikapanda tena kupita dola 700. Kila inapopanda, Afrika Mashariki hurudia mabishano yaleyale ya pande mbili. Upande mmoja unasema tuachane na mbolea ya kungojea meli, fosfeti tunayo pale Minjingu, mkoani Manyara. Upande wa pili, wenye nguvu zaidi Kenya, unasema DAP ilipaswa kuachwa hata kama ingegawiwa bure, kwa kuwa ndiyo iliyotia udongo tindikali. Pande hizi hazipendani sana, lakini ushauri wao kwa mkulima unakaribiana: toa mfuko huu, weka ule.

Ushauri huo una kosa moja la msingi. Unachukulia kwamba asilimia ya fosfeti iliyoandikwa kwenye mifuko yote ni kipimo kimoja, na sivyo. Kwenye DAP na TSP, mbolea nyingine ya fosfeti ya kiwandani, namba hiyo inapima kitu ambacho mahindi yanaweza kuanza kukinywa wiki hii. Kwenye mwamba wa fosfeti uliosagwa, kama unga wa Minjingu, inapima kitu ambacho udongo wa shamba ndio utakaoamua kama kitapatikana msimu huu, baada ya misimu mitatu, au kisipatikane kabisa. Mpaka tofauti hiyo iandikwe kwenye mfuko na iingie kwenye hesabu ya ruzuku, tutaendelea kubishana mbolea ipi ni bora bila kuuliza inakwenda kwenye udongo gani.

Tufungue mifuko yenyewe. DAP ni 18-46-0 (asilimia ya naitrojeni, ya fosfeti inayoandikwa P2O5, na ya potasiamu), yaani kilo 50 zina kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za P2O5. TSP ni 0-46-0, kilo 23 zilezile bila naitrojeni. Unga wa Minjingu una P2O5 ya kama asilimia 28, sawa na kilo 14 kwa mfuko. (P2O5 yenyewe haimo ndani ya mfuko wowote kati ya hiyo, ni desturi ya wanakemia wa zamani ya kuandika fosforasi kana kwamba ni oksaidi. Ukitaka fosforasi halisi zidisha kwa 0.44, upate kilo 10 kwa DAP au TSP na kilo 6 kwa Minjingu.) Mtu mwenye kalamu atagawanya 23 kwa 14 na kuona kwamba mfuko mmoja na nusu na ushee wa Minjingu unatosha kuziba nafasi ya mfuko wa TSP, bei ikiwa chini ya hapo, amepata. Hesabu yake ni sahihi, ila vitu alivyogawanya havilingani.

Mzizi hauli DAP, hauli TSP, wala hauli jiwe. Unachukua othofosfeti iliyokwisha kuyeyuka kwenye maji ya udongo, na ikishaingia ndani hakuna mmea unaojua ilitoka kwenye mfuko gani. Aina ya mbolea inaamua kasi tu: ni lini fosfeti itakuwa ndani ya maji hayo, na ni umbali gani kutoka kwenye mzizi. Kwa DAP na TSP, karibu asilimia 90 ya fosfeti au zaidi inayeyuka majini, hivyo punje ikiguswa na unyevu huanza kazi siku hiyohiyo. Minjingu majini haitoi karibu chochote. Ikiwekwa kwenye sitreti ya amonia, dawa ambayo maabara hutumia kukadiria kile ambacho mmea unaweza kukifikia, hutoa takriban pointi 3 hadi 6 kati ya zile 28. Kilichobaki ni apataiti, madini ambayo huvunjika kwa tindikali. Na kwa kuwa uvunjikaji huo hutoa kalsiamu na fosfeti, hukwama pale udongo unapokuwa tayari umejaa kimojawapo. Kwa hiyo unga huu unataka udongo wenye pH (kipimo cha tindikali: kadiri inavyoshuka chini ya 7, tindikali inazidi) chini ya 5.5, kalsiamu kidogo, fosforasi kidogo na unyevu wa kudumu. Hali hizo zinahitajika kwa pamoja. Shamba lenye pH 5 lakini kavu halifai, na lenye mvua nyingi lakini pH 7 halifai vilevile.

Nchi nyingine zimeshughulikia jambo hili kwenye lebo. Marekani, namba ya katikati kwenye mfuko ni fosfeti inayopatikana tu, ile inayoyeyuka majini pamoja na ile inayoyeyuka kwenye sitreti. Ndiyo maana mwamba uliosagwa wenye jumla ya asilimia 20 hadi 30 huuzwa kule ukiandikwa 0-3-0 au karibu na hapo. Ulaya, kwa kanuni ya mbolea ya mwaka 2003, mwamba laini uliosagwa ulitakiwa uwe na P2O5 isiyopungua asilimia 25, na angalau asilimia 55 ya hiyo iyeyuke kwenye asidi ya fomiki ya asilimia 2; tena asilimia 90 ya unga ipite kwenye chekecho la milimita 0.063. Mtu anaweza kusema lebo ya Marekani inaudhulumu mwamba, na atakuwa na haki: kwenye udongo wa chai wenye pH 4.8, ile 0-3-0 itatoa zaidi ya 3 kadiri miaka inavyokwenda. Lakini lebo inayoandika 28 peke yake inamdhulumu mkulima wa udongo wa pH 6.8. Zikiandikwa namba zote mbili, jumla na inayopatikana, hakuna anayedhulumiwa.

Miamba yenyewe nayo haifanani. Minjingu iligunduliwa mwaka 1956 wakati wa upimaji wa mionzi kutoka angani, kwa kuwa mashapo yake yana uraniamu nyingi kuliko miamba mingi ya fosfeti (sababu nzuri ya anayeusambaza unga huu kuziba pua na mdomo). Ni mashapo ya ziwa la kale, yaliyotokana na vinyesi na mifupa ya ndege waliovua samaki humo, na muundo wake laini unaufanya uyeyuke vizuri kuliko wenzake wengi wa Afrika Mashariki. Panda Hill karibu na Mbeya na Sukulu kule Tororo, Uganda, ni fosfeti ya miamba ya volkano. Fuwele zake ni ngumu, na ukizisaga na kuzitupa shambani kama zilivyo utasubiri sana. Hizo zinafaa kwenda kiwandani zikapigwe asidi zigeuzwe SSP (superfosfeti ya kawaida) au TSP. Kwa hiyo anayesema “tuna fosfeti yetu” na kuzitaja zote kwa pumzi moja anachanganya mali ya shambani na mali ghafi ya kiwanda.

Jiografia nayo haikutusaidia. Mgodi wa Minjingu uko kando ya Ziwa Manyara, ziwa la magadi, kwenye ukanda mkavu wenye udongo mwingi usio na tindikali. Mahali ambapo unga wake ungefanya kazi vizuri ni Njombe, Mufindi, Kagera, Usambara, Kenya magharibi na milima ya Rwanda na Burundi, yaani mbali. Lori linalobeba tani 30 za TSP linabeba tani 13.8 za P2O5. Likibeba unga wa Minjingu linabeba 8.4, na nyingi ya hizo ni za baadaye. Ndiyo sababu bei ya mgodini haina maana kwa mkulima wa Bukoba. Anachotakiwa kulinganisha ni bei ya kilo moja ya P2O5 ikiwa imeshushwa kwenye duka la pembejeo la kwake. Na huko jirani na mgodi, ambako nauli ni ndogo, pH mara nyingi ndiyo kikwazo.

Penye udongo unaofaa, makosa mengi hutokea kwenye uwekaji, kwa sababu kanuni za aina hizi mbili zinapingana. Fosfeti inayoyeyuka majini hukamatwa na chuma na aluminiamu ya udongo wenye tindikali, kwa hiyo unaipunguzia kugusana na udongo: unaiweka kwenye shimo au mfereji, karibu na mbegu lakini isiiguse. Mahindi yaliyopandwa sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, yana mashimo kama 10,800 kwa ekari, na mfuko mmoja wa DAP unatoa gramu 4.6 kwa shimo, karibu kizibo kimoja cha soda. Funika kwa udongo sentimita 5 kabla ya kudondosha mbegu, maana DAP inapoyeyuka hupandisha pH ya pale ilipo hadi kama 8 na kutoa gesi ya amonia inayounguza chipukizi, ya maharage hasa. TSP haitoi amonia, lakini usiichanganye na urea ukaiacha ghalani: vikikutana hutoa maji, na kesho yake utakuta tope. DAP nayo usiichanganye na chokaa wala jivu, labda uwe na nia ya kurusha naitrojeni hewani.

Mwamba uliosagwa unataka kinyume chake. Kila chembe iguse udongo mwingi iwezekanavyo, hivyo unasambazwa shamba zima na kulimiwa ndani sentimita 10 hadi 15, wiki 4 hadi 8 kabla ya kupanda kama mvua ipo. Mkulima aliyezoea DAP akiuweka shimoni kwa kizibo, gramu 5 za unga hukaa donge moja, zikajizungushia kalsiamu yake zenyewe na kuzima tindikali ya pembeni. Mwezi mmoja baadaye majani ya mahindi yana zambarau, dalili ya njaa ya fosforasi, na mtaa mzima unasema umeuziwa udongo. Kuufanya punje kuliondoa kero ya vumbi na upepo, lakini punje inarudisha tatizo la donge kwa kiasi fulani. Kosa kubwa kuliko yote ni kuuweka pamoja na chokaa msimu mmoja. Chokaa inaondoa tindikali na kuleta kalsiamu, yaani inafunga milango miwili ambayo unga ulikuwa uingilie. Shamba la pH 4.9 lenye mpango wa kupata chokaa mwaka huu linahitaji fosfeti ya kuyeyuka majini. Kama unga utatumika, utangulie na chokaa ije baadaye.

Watetezi wa mwamba wana hoja nzito, na hazipaswi kupuuzwa. Majaribio ya Kenya magharibi ya miaka ya 1990 yaliionyesha Minjingu ikiikaribia TSP kwenye udongo wenye tindikali usio na fosforasi. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilitengeneza kifurushi kilichoitwa PREP-PAC kwa ajili ya vipande vya shamba vilivyochoka: kilo 2 za Minjingu, gramu 200 za urea, mbegu za jamii ya kunde na bakteria wake, kwa eneo la mita 25 za mraba. Mazao pia yanatofautiana. Jamii ya kunde hutia tindikali kwenye udongo unaozunguka mizizi yake, na mbaazi hutoa asidi inayoweza kufungua hata fosforasi iliyoshikwa na chuma. Mahindi hayana ujanja huo. Chai inakaa miaka mingi na inapenda udongo mchachu. Malaysia na Indonesia wameweka mwamba usiochakatwa kwenye michikichi kwa miongo kadhaa, kwa sababu zao hilo halina haraka. Isitoshe, mwamba unaleta kalsiamu, na shilingi inayoulipia haigeuzwi dola.

Lakini piga hesabu ya kile kifurushi. Kilo 2 kwa mita 25 za mraba ni kilo 800 kwa hekta, karibu kilo 100 za fosforasi halisi kwa mpigo mmoja. Huo ulikuwa mtaji wa udongo, uliowekwa mara moja ili utumike misimu kadhaa. Anayeweka mfuko mmoja kwa ekari, sawa na kilo 125 kwa hekta, ameweka chini ya moja ya sita ya kiasi hicho, kisha anategemea matokeo yaleyale. Tahadhari inahitajika pia kwa mbolea za mchanganyiko zinazotengenezwa juu ya fosfeti hiyo. Minjingu Mazao, kwa mfano, ina asilimia 10 ya naitrojeni na 20 ya P2O5, pamoja na salfa na zinki. Ikiishinda DAP shambani, ushindi huo unaweza kuwa wa zinki au salfa ambazo DAP haina. Ni habari njema kwa mkulima, ila haithibitishi chochote kuhusu aina ya fosforasi.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya DAP kuua udongo. Haikuzuka hewani: amonia ya DAP inapogeuzwa naitreti na bakteria huacha tindikali, na mfuko mmoja unahitaji takriban kilo 35 za chokaa safi kuufuta. Sasa linganisha na vinavyopendekezwa kuchukua nafasi yake. TSP mfuko mmoja pamoja na kilo 20 za urea hutoa virutubisho vilevile, na tindikali yake hufutwa na chokaa kama kilo 15 hadi 17, umeokoa nusu. Naitrojeni hiyohiyo ukiichukua kwenye SA (salfeti ya amonia), unahitaji kilo 43 za SA na kilo 47 hivi za chokaa, yaani umeharibu kuliko DAP. Tani 2 za chokaa kwa hekta, kiwango cha kawaida kabisa, ni kama kilo 800 kwa ekari, sawa na tindikali ya mifuko 23 ya DAP. Kwa hiyo ni kweli kwamba shamba la Trans Nzoia lililopewa mfuko mmoja kwa ekari kila mwaka tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 bila chokaa limelipa gharama. Ila udongo mwingi wa nyanda hizo ulikuwa na tindikali kabla ya DAP, mvua huosha kalsiamu kila mwaka, na mabua yanayobebwa kwenda kwa ng’ombe huondoka na sehemu yake. Kosa la miaka yote hiyo ni chokaa isiyowekwa. Ukiipiga DAP marufuku na kuacha urea na SA, tindikali itaendelea, na mahindi yatakuwa yamepungukiwa fosforasi juu yake.

Kupungukiwa huko huonekana kwenye ruzuku zinazobadilisha mfuko kwa mfuko. Aliyezoea DAP akipewa 23:23:0 anapata kilo 11.5 za P2O5, nusu ya alizozoea. Akipewa 10:26:10 anapata 13. Akipewa 17:17:17 anapata 8.5, na angehitaji mifuko 2.7 kufikia palepale. Mbolea hizo si mbaya. Shamba lenye upungufu wa potasiamu linazihitaji hizo mbili za mwisho. Ila akiweka mifuko miwili ya 23:23:0 ili kulinda fosforasi, atakuwa na kilo 23 za naitrojeni badala ya 9, na anapaswa kupunguza mbolea ya kukuzia kwa kilo 14, sawa na kilo 30 za urea. Ni wangapi wanaambiwa hivyo dirishani wanapochukua mgao? Pengo hilo huja kuzibwa na wauza “busta” za majani. Kilo moja ya busta yenye asilimia 20 ya P2O5 inapeleka kwenye ekari gramu 200, dhidi ya kilo 23 za mfuko wa DAP. Baadhi ya chupa hizo zina fosfiti, ambayo inapambana na baadhi ya magonjwa ya ukungu lakini mmea hauitumii kama chakula.

Kinachofuata kwa wanaosimamia mbolea hakihitaji kiwanda kipya. Lebo iandike P2O5 ya jumla na ile inayoyeyuka kwenye maji na sitreti. Ruzuku ipimwe kwa kilo ya P2O5 inayopatikana, na mwamba upewe nafuu ya ziada pale tu unapokwenda kwenye wilaya ambazo vipimo vinaonyesha pH chini ya 5.5, nauli ya kwenda Njombe au Kagera inastahili pesa hiyo kuliko punguzo la mgodini. Chokaa iingie kwenye orodha ileile, kilo 35 kwa kila mfuko wa DAP unaotoka. Na kitengo cha upimaji wa udongo kijue kinapima nini. Shamba lililopewa mwamba likipimwa kwa Mehlich 3, dawa yenye tindikali, chembe za jiwe ambazo mizizi haijazigusa zitayeyukia ndani ya chupa na ripoti itasema fosforasi ni tele. Likipimwa kwa Olsen, dawa isiyo na tindikali, ripoti itaelekea kusema kidogo kuliko mmea utakavyopata. Anayepeleka sampuli na aandike kwenye fomu aliweka mbolea gani, kilo ngapi na mwaka gani. Kama fomu haina nafasi hiyo, aandike nyuma ya karatasi.